Hema la Magurudumu, na Namna ya Kulichagua



Leo napenda kuwaeleza habari za chombo ambacho baadhi yenu mmekiona kikipita barabarani nyuma ya gari la wageni, mkadhani ni sanduku la mizigo tu. Chombo hiki ni trela la hema. Likiwa safarini ni sanduku fupi lenye magurudumu mawili, kimo chake chapata kifua cha mtu. Likifika mahali pa kulala, mwenyewe huzungusha mkono wa winchi, na paa gumu la sanduku huinuka juu ya nguzo nne. Kisha vitanda viwili huvutwa nje, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kuta za turubai zilizokuwa zimekunjwa ndani hunyoshwa, likawa chumba chenye madirisha ya chandarua. Iko na aina ya pili isiyo na paa gumu. Hiyo hufunuliwa kama mtu afunuavyo kitabu, na hema lote hufunguka pamoja na kifuniko. Aina ya kwanza yapendwa sana Marekani. Ya pili yapendwa na watu wa Afrika Kusini na Australia, ambao safari zao huwapitisha katika njia za vumbi na mawe.

Pengine mtu atauliza, Sisi watu wa Ujiji na Kigoma tuna haja gani na vyombo vya watalii? Namjibu kwamba wapo miongoni mwetu walimu, wafanya biashara na watumishi wa serikali wenye magari yao, ambao wakati wa likizo hupenda kuwachukua watoto wakaone nchi yao wenyewe, na si kila mahali penye nyumba ya wageni, wala si kila mfuko uwezao kuilipia nyumba hiyo kwa watu saba. Mtu wa namna hiyo akiliona trela la hema linauzwa, macho yake hupenda. Nami sina neno na kupenda kwake. Neno langu ni kwamba hema halichaguliwi kwa uzuri wake likiwa limesimama dukani wakati wa jua. Huchaguliwa kwa njia litakayopita, na kwa usiku litakaoukabili. Na watakaolala ndani ni watoto.

Jambo la kupima hema kwa njia si geni katika mji wetu. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Bagamoyo, na katika misafara ile kila kitu kilipimwa kwa bega la mpagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70, au kama kilo 32. Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Februari 1858, na Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone mwaka wa 1871, hema lao halikuweza kuwa zito kupita mabega yaliyokuwapo. Wapagazi wenyewe walijijengea vibanda vya nyasi jioni na kuviacha asubuhi. Leo bega limekuwa gari, lakini hesabu ni ile ile.

Basi swali la kwanza ni hili: barabara yako yaishia wapi? Tazama Gombe. Ni kilometa 16 hivi kaskazini ya Kigoma, lakini huwezi kufika huko kwa gari. Hufikiwa kwa mashua, na trela lako utaliacha mjini. Mahale, kusini, wageni hufika kwa mashua au kwa ndege, na ndani ya hifadhi hakuna barabara. Kwa hiyo mtu ambaye nia yake hasa ni kuwapeleka watoto kuwaona sokwe hana haja ya trela hata kidogo. Na achukue hema la kawaida lenye kufungwa kama mtumba, liwezalo kubebwa na watu wawili, na kutiwa katika mashua bila kuizidi. Lakini mtu ambaye safari yake ni ya nchi kavu, kupita Kasulu na Kibondo hata Mwanza, au Uvinza na Tabora, huyo trela litamfaa, maana atalala safari nyingi njiani na kila jioni atafurahi kuona vitanda vimekwisha kutandikwa.

Kuhusu hema la kawaida, hakuna mfano ulio bora kwetu kuliko ule wa Bibi Jane Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025. Alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, umri wake miaka 26, pamoja na mama yake Vanne na mpishi wao Dominic. Wakubwa wa serikali ya wakati ule hawakukubali msichana akae peke yake porini, ndiyo sababu mama alikuja. Kabla ya kwenda Gombe walikawia Kigoma, kwa kuwa Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni na Wabelgiji wengi walikuwa wakivuka ziwa kukimbilia huku; mji ulijaa, nao wakapiga hema lao katika kiwanja cha gereza. Hema lilikuwa kuukuu, la jeshi. Sakafu yake ilikuwa turubai lililotandikwa tu, halikushonwa pamoja na kuta. Na pande za hema zilipokunjwa juu ili hewa ipite, buibui, nge na hata nyoka waliweza kuingia.

Hayo yalivumilika. Lakini baada ya miezi kama mitatu, mama na binti waliugua homa kwa wakati mmoja, wakalala hemani kila mmoja kitandani mwake, hawana nguvu. Walikuwa wameambiwa Kigoma ya kwamba upande ule hakuna malaria, kwa hiyo hawakuchukua dawa. Mama alikuwa na homa kali kwa siku nyingi, na walipona kwa taabu. Nawaomba mlitazame neno hili kwa makini. Utafiti ule, ambao umeufundisha ulimwengu wote juu ya sokwe, ulikaribia kukatika mwaka wake wa kwanza kwa ajili ya mbu, ndani ya hema.

Kwa hiyo, mtu akikuonyesha trela la hema, usianze kwa kutazama meza na mito. Anza kwa chandarua. Funga madirisha yote kwa chandarua tu, ingia ndani mchana, ufunge na mlango, kisha tazama mahali panapopenya nuru. Tazama hasa mahali ambapo turubai la kitanda huungana na sanduku, na chini ya mlango, na penye zipu. Hapo ndipo mbu hupita. Zipu iliyokatika meno si jambo dogo. Na hata kama hema lote ni zima, chukua chandarua chenye dawa utundike juu ya watoto, maana mtoto hutoka usiku kwenda haja na kuuacha mlango wazi, wala hakuna baba awezaye kukesha juma zima akilinda zipu.

Sasa tuje kwenye uzito, na hapa wanafunzi wa hesabu wachukue kalamu. Matrela mengi ya paa gumu huwa na uzito wa kilo 500 hata 1,000 yakiwa matupu. Tuseme la kwako ni kilo 600. Tia madumu manne ya maji, kila moja lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi umeongeza kilo 80. Tia unga, mchele, masufuria, jiko, magodoro na nguo, tuseme kilo 120. Trela limekuwa kilo 800, nalo ndilo gari lako litakalolivuta mlimani na, jambo lililo gumu zaidi, litakalolizuia mteremkoni. Katika nchi za Ulaya sheria hutaka trela lililoruhusiwa kupita kilo 750 liwe na breki zake lenyewe. Nami kwa nchi yetu ya vilima nasema usikubali pungufu ya hapo. Kitabu cha gari hueleza gari laweza kuvuta kilo ngapi. Kisome kabla hujamlipa mwuzaji, si baada yake.

Tena si uzito wote tu, bali umekaa wapi. Sehemu moja katika kumi ya uzito, au zaidi kidogo, yapasa kulemea mbele, penye kiungo cha gari. Kwa trela letu la kilo 800 hiyo ni kilo 80. Mtu akiweka madumu yote nyuma, mbele huwa jepesi, na trela likienda mbio huanza kutikisa mkia kushoto na kulia, kila mara kwa nguvu zaidi, hata likalipindua gari. Likianza kuyumba hivyo, usikanyage breki kwa ghafula wala usizungushe usukani. Ondoa mguu katika mafuta, ulishike gari lisimame katika mstari, mwendo upungue polepole. Na mteremkoni shuka kwa gia ndogo tangu juu. Breki zilizopata moto sana hazishiki, na gari lenye trela lahitaji nafasi kubwa ya kusimama kuliko lisilo nalo.

Magurudumu madogo ni adui. Matrela mengi yaliyotengenezwa kwa barabara za lami za Ulaya na Marekani yana magurudumu madogo kama ya toroli, nayo huanguka ndani ya kila shimo. Tafuta trela ambalo magurudumu yake ni sawa na ya gari lako, kwa ukubwa na kwa idadi ya nati, ili tairi moja la akiba litumike pande zote mbili. Na umri wa tairi husomwa ubavuni mwake. Tafuta tarakimu nne ndani ya mviringo mdogo: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama uani, kwa jua, na nyayo zake zikaonekana mpya; wengi hudanganyika hapo.

Niseme sasa juu ya nguo ya hema. Ziko za pamba, yaani turubai la asili, na ziko za nailoni na jamii yake. Turubai la pamba ni zito na bei yake ni kubwa, lakini hupumua. Mvuke wa pumzi za watu hutoka, na wakati wa jua ndani hapawi tanuru. Nyuzi zake zikipata maji huvimba na kuziba matundu, kwa hiyo turubai jipya hunyeshewa maji kwanza na kukaushwa, mara mbili au tatu, kabla halijaenda safari. Nailoni ni nyepesi, hukauka upesi, lakini asubuhi hutona matone ya jasho kutoka darini, na jua la huku huila pole pole hata ikapasuka kama karatasi. Mimi kwa mvua za Kigoma, zianzazo Oktoba au Novemba hata kufika Aprili na Mei, ningechagua pamba katika trela, na nailoni katika mashua. Sharti la pamba ni moja: isikunjwe mbichi ikaachwa. Ukilazimika kuondoka wakati wa mvua, likunje, lakini lifunguliwe siku ile ile ufikapo au kesho yake, la sivyo ukungu mweusi utaingia na hautatoka kamwe. Trela la mkononi lenye harufu ya ghala iliyofungwa, liache kwa mwenyewe. Kanyaga na sakafu yake pembeni. Ikibonyea, mbao zimeoza.

Na chumba chatosha watu wangapi? Watengenezaji huandika “watu sita”, nao huhesabu mabega yaliyopangwa kama dagaa juu ya kichanja, bila mizigo. Watu wanaohudumia wakimbizi wana kipimo chao kilicho cha kweli zaidi: kila mtu apate angalau meta za mraba tatu na nusu za sakafu yenye paa. Mkoa wetu waijua hesabu hiyo kwa uchungu. Mwaka wa 2015 maelfu ya watu wa Burundi walivuka mpaka wakarundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikawaingia, na meli Liemba ikawa ikiwachukua kuwaleta Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Wengi wao waliishi katika mahema miezi mingi, wala si kwa likizo. Waliokaa humo wangeweza kuwafundisha watalii mengi: kwamba mfereji wa kuzunguka hema huchimbwa kabla ya wingu, si baada yake, kwamba choo kiwe mbali, upande wa chini, kwamba hema lililojaa watu kupita kiasi huleta maradhi. Kwa safari ya siku chache hatuhitaji kipimo kizima, lakini palipoandikwa sita, weka wanne.

Mahali pa kusimamisha trela pana neno lake, maana ziwa hili halitulii mahali pamoja. Vitabu vya zamani vyaeleza jinsi maji yalivyokuwa juu sana hata mwaka wa 1878, ndipo yakatoboa njia yake ya kutokea katika mto Lukuga, upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata yakashuka kama meta kumi. Siku za karibu yamepanda tena. Mwaka wa 2021, na tena 2024, yaliingia katika nyumba na bandari za pwani. Kwa hiyo mchanga mzuri ulio sawa na maji si kiwanja. Upande wa mito, kama vile penye Malagarasi, mamba na viboko wana njia zao, na kiboko hutoka usiku kwenda malishoni. Usilale baina yake na maji. Usiku upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na wakati wa kiangazi kusi huvuma kwa nguvu juu ya maji. Tazama vibanda vya wavuvi wa dagaa: ni vifupi, vimejikunyata chini. Trela likiwa limeinua paa lake ni refu, na kuta zake hushika upepo kama tanga. Lielekeze kichwa penye upepo, usilipe ubavu. Tena zuia magurudumu kwa mawe kabla ya kulifungua kutoka kwa gari, kisha teremsha miguu minne ya pembeni. Miguu hiyo ni ya kulituliza tu. Ukiitumia kuliinua kama jeki, itapinda.

Penye nyani, chakula kifungwe ndani ya sanduku gumu, si nyuma ya turubai. Huko Gombe sokwe walizoea kuja kambini kuchukua ndizi, tena wakachukua na nguo na mablanketi, wakayatafuna kwa furaha.

Jambo ambalo sitalipitia upesi ni moto. Matrela mengi yana jiko la gesi ndani, na watu wetu huongeza jiko la mkaa wakati wa baridi au mvua. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba cha turubai kilichofungwa kwa ajili ya mvua, hewa hiyo hujaa kimya kimya. Mtu huona kichwa kizito, akadhani ni uchovu wa safari, akalala, na asubuhi haamki. Makaa yaliyoonekana kuwa majivu bado huitoa. Jiko la mkaa lisiingie hemani kabisa, liwe limewaka au limefifia, hata kama mvua imewakuta na sufuria mekoni. Afadhali watoto wale maandazi ya jana. Jiko la gesi nalo litumike nje, na mtungi ufungwe kabla ya kulala.

Mwisho, mtu akiisha kununua, asiende mbali mara moja. Na alifungue uani mwake, alale humo usiku mmoja pamoja na watoto wote, na jioni jirani amwagie ndoo kumi za maji juu ya paa na pembeni, wao wakiwa ndani na taa. Panapovuja patiwe alama ya chaki papo hapo, kwa kuwa mshono ukikwisha kukauka hauonyeshi tundu lake, na fundi atashona mahali pasipo na kosa.